Kukausha matunda, mboga na majani ya viungo nyumbani: mwongozo kamili

Kila anayeanza kukausha vyakula huuliza swali moja: itachukua muda gani? Nitautaja muda huko mbele kwa sababu hakuna namna ya kuukwepa, lakini uuchukue kama makadirio tu. Vipande vya tufaha vyenye unene uleule vinaweza kuwa tayari baada ya saa sita leo, na wiki ijayo vikahitaji saa kumi, kwa sababu mvua imenyesha na hewa ya jikoni imejaa unyevu, au tunda lilikuwa na maji mengi zaidi, au trei zimejazwa kupita kiasi. Anayefuata saa peke yake ndiye anayefungua chupa baada ya wiki mbili na kukuta ukungu. Mizani ya jikoni na vidole vyako ni mashahidi wazuri zaidi, na nitavirudia mara nyingi.

Maji yanatokaje

Matunda na mboga mbichi nyingi ni maji kwa asilimia 80 hadi 95. Bakteria, hamira na ukungu huhitaji maji hayo ili kuzaliana. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya mmea navyo huendelea kubadilisha rangi, ladha na harufu hata baada ya tunda kuchumwa. Maji yakipungua vya kutosha, kazi hiyo husimama au hupungua sana. Kwa matunda inatosha maji yashuke hadi takriban asilimia 20 ya uzito wa kipande kikavu, maana sukari na asidi zake huyashika maji yaliyobaki yasitumiwe na vijidudu. Mboga hazina kinga hiyo, kwa hiyo zishushwe hadi asilimia 10 au chini ya hapo. Ndiyo sababu tunda lililokauka vizuri hupindika, na mboga iliyokauka vizuri hukatika.

Kukausha hakuui vijidudu vyote. Wengi hubaki wakisubiri maji yarudi, na maji yatarudi siku utakapoloweka chakula hicho. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, osha kisu na ubao, na usikatie matunda mahali ulipotoka kukatia nyama.

Ili maji yatoke unahitaji joto, hewa kavu na hewa inayotembea. Watu hukazania joto na kusahau hayo mawili mengine. Chukua hewa ya nyuzi 25 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 80, uipashe hadi nyuzi 55: unyevu wake, ukilinganishwa na kiasi ambacho hewa hiyo sasa inaweza kubeba, hushuka hadi karibu asilimia 16. Maji yaliyomo ni yaleyale, ila hewa imepata kiu. Feni ikiisukuma nje iliyoshiba na kuingiza nyingine, chakula kinaendelea kukauka. Pasipo na feni wala tundu la kutokea mvuke, unapika tu.

Joto likizidi mwanzoni, nalo lina hasara yake. Uso wa kipande hukauka upesi na kuwa ganda gumu, na maji ya katikati hukosa njia. Kwa nje kipande kinaonekana tayari, ndani bado kibichi, na baada ya siku chache chupani unyevu ule hujitokeza. Usipandishe joto ili umalize mapema.

Mashine, oveni au jua

Mashine ya kukaushia yenye feni na kidhibiti cha joto ndiyo rahisi kuliko njia zote. Unapoichagua, angalia kwanza kama joto lake linarekebishika kuanzia karibu nyuzi 35 hadi 70. Mashine yenye kitufe cha kuwasha na kuzima tu itakuchomea majani ya viungo. Zile ambazo feni yake iko nyuma hukausha trei zote karibu sawa, na zile ambazo feni iko chini au juu zinahitaji uzungushe trei kila baada ya saa chache. Zote mbili zinafaa.

Oveni inawezekana, ila ina masharti. Weka kipimajoto kwenye trei yenyewe, si kwenye ukuta wa oveni, uone kama inaweza kukaa karibu na nyuzi 60 bila kuruka juu. Oveni nyingi haziwezi. Kama yako inaweza, acha mlango wazi kwa sentimita 5 hadi 10 ili mvuke utoke, na iwe ya feni ikiwezekana. Tarajia muda wa karibu mara mbili ya ule wa mashine, na umeme mwingi. Nyumba yenye watoto wadogo, mlango wa oveni ulioachwa wazi kutwa si jambo la kujaribu.

Jua linafaa matunda pekee, kwa sababu ya ile sukari na asidi. Mboga huchukua muda mrefu mno juani zikiwa na unyevu, na hapo huanza kuharibika kabla hazijakauka. Hata kwa matunda, hali ya hewa iwe na nyuzi 30 au zaidi, unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 60, na upepo uwepo. Panga vipande juu ya wavu wa chuma kisichoshika kutu au wa plastiki ya vyakula, uunyanyue kutoka chini ili hewa ipite pande zote mbili, na uufunike kwa neti kuzuia nzi. Wavu wa mabati uepuke, kwa sababu asidi ya matunda huyeyusha madini yaliyopakwa juu yake. Shaba huharibu vitamini C. Jioni ingiza kila kitu ndani, la sivyo umande wa usiku utarudisha maji uliyohangaika kuyatoa mchana.

Cha bustanini na cha dukani

Mavuno ya bustanini yana faida ya kukaushwa siku hiyohiyo yalipochumwa. Chuma yaliyoiva barabara: tunda bichi likikaushwa linabaki chachu na gumu, na lililopitiliza linageuka rojo kwenye trei. Ndizi iwe ya njano yenye madoa machache ya kahawia. Sehemu iliyopondeka unaweza kuikata na kuitupa, lakini tunda lililoanza kuota ukungu liende lote kwenye mboji.

Vya dukani vina mambo yake. Matufaha, matango na machungwa mengi hupakwa nta ili yang'ae, na nta huzuia maji kutoka. Menya, au sugua kwa brashi na maji ya uvuguvugu. Kisha kuna siri ambayo wengi hawaifikirii: mboga zilizogandishwa za kwenye mifuko. Mbaazi mbichi, punje za mahindi, karoti za vipande vidogo, maharage mabichi, zote zimekwisha kupitishwa kwenye maji moto na kukatwa sawasawa kiwandani. Unamimina kwenye trei zikiwa bado na barafu na kuwasha mashine. Kwa anayeanza, sijui zoezi zuri kuliko hilo. Utajua mashine yako inavyofanya kazi kabla hujahangaika na kisu.

Vyenye mafuta mengi viache. Parachichi halikauki, kwa sababu mafuta hayageuki mvuke, na mafuta hayo huchacha baadaye. Maziwa na mayai waachie viwanda. Nyama ni somo lingine kabisa, lenye kanuni kali za joto la kuua bakteria kabla ya kukausha, na halimo humu.

Kukata

Osha kwenye maji yanayotiririka, futa, kisha kata vipande vya unene wa milimita 5 hivi. Unene sawa una maana kuliko unene mdogo. Kipande chenye unene maradufu huchukua zaidi ya maradufu ya muda, kwa hiyo trei yenye vipande vya milimita 3 na 8 pamoja itakupa vingine vya kuvunja meno na vingine vibichi. Kama mkono wako si mwepesi kwa kisu, tumia kikatio cha ubao chenye kinga ya vidole.

Matunda yenye ngozi ngumu kama zabibu, plamu na bluberi hayatoi maji mpaka ngozi ipasuke. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kwenye maji baridi sana, na utaona ngozi imepata nyufa ndogo. Ukiona ni kazi, yakate nusu na uyapange upande wa ngozi ukiwa chini.

Pilipili kali zina onyo lake. Vaa glavu, na ikiwezekana mashine ikae barazani au kwenye chumba chenye dirisha wazi. Mvuke wake ukijaa jikoni, nyumba nzima itakohoa.

Kuzuia weusi

Tufaha, peasi, pichi na ndizi hugeuka kahawia mara zinapokutana na hewa. Haziharibiki kwa hilo, lakini hupoteza sura na vitamini. Koroga kijiko cha chai cha unga wa vitamini C kwenye vikombe viwili vya maji, loweka vipande kwa dakika 3 hadi 5, chuja vizuri. Au tumia maji ya limau yaliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, usizidishe dakika 10. Limau linapatikana kirahisi zaidi ila linaacha uchachu, ambao kwenye embe naupenda na kwenye ndizi siupendi. Asidi hiyo pia huwadhoofisha bakteria wakati wa kukausha, kwa hiyo hata kama rangi haikusumbui, hatua hii haipotei bure.

Viwandani hutumia salfaiti, yaani chumvi za salfa zinazolinda rangi. Kwa nyumbani sioni haja yake, na kwa baadhi ya wenye pumu inaweza kuleta shida kubwa.

Maji moto kwa mboga

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo sababu karoti za mtu hubaki na harufu ya majani makavu baada ya miezi miwili. Kupitisha mboga kwenye maji yanayochemka, au kwenye mvuke, husimamisha vimeng'enya, hulegeza kuta za chembe ili maji yatoke upesi, na husaidia mboga kulainika haraka siku ya kupika. Mvuke hupoteza virutubisho vichache kuliko maji.

Karoti zilizokatwa zinahitaji dakika 3 hadi 4, maharage mabichi dakika 2 hadi 4, kabichi dakika 2 hadi 3, spinachi na majani mengine laini dakika 1 hadi 2. Viazi vinataka dakika 5 hadi 7, na usipofanya hivyo vitageuka kijivu cheusi kisichotamanika. Kipande cha katikati ya chungu kikatwe: kiwe cha moto hadi ndani, lakini kisiwe kimeiva cha kula. Kipoze kwa maji baridi kwa muda mfupi tu, kausha uso wake kwa taulo safi, na kipande kiende kwenye trei kingali na joto kidogo.

Vitunguu, kitunguu saumu, pilipili, nyanya na uyoga havihitaji kupitishwa kwenye maji moto.

Pima kabla hujawasha

Sasa chukua mizani. Pima vipande vikiwa tayari kwenda kwenye trei na uandike uzito. Hesabu yake ni nyepesi. Nyanya ni maji kwa karibu asilimia 94, maana yake kilo moja ina gramu 60 tu za kitu kisicho maji. Ukitaka nyanya kavu yenye unyevu wa asilimia 10, gramu hizo 60 ziwe asilimia 90 ya uzito wa mwisho: gawa 60 kwa 0.9, unapata gramu 67 hivi. Kilo ya tufaha lililomenywa, lenye maji asilimia 86, ina gramu 140 zisizo maji. Kwa unyevu wa asilimia 20 gawa kwa 0.8, unapata gramu 175. Kilo ya karoti, asilimia 88 maji, itafika karibu gramu 133.

Namba hizi hutofautiana kidogo kwa aina ya mmea na ukomavu wake, lakini zinakuonyesha ulipo. Ukipima nyanya zako baada ya saa nane na kukuta gramu 140, hata kama juu zinaonekana kavu, bado zimebeba zaidi ya maradufu ya uzito unaotakiwa. Hakuna haja ya kubahatisha. (Na ukiona gramu 175 za tufaha kavu, kumbuka ni kilo nzima ya tunda pamoja na sukari yake yote. Mtu huzimaliza akitazama filamu bila kujua.)

Kukausha kwenyewe

Panga vipande safu moja, visigusane. Usichanganye vitunguu na matunda kwenye mashine moja kwa wakati mmoja, maana ndizi yenye harufu ya kitunguu hailiki. Matunda na mboga huenda kwenye nyuzi 52 hadi 60. Kwa vyenye maji mengi kama nyanya, unaweza kuanza na nyuzi 60 hadi 65 kwa saa ya kwanza au mbili, wakati maji yanayotoka bado yanapoza uso wa kipande, kisha ushushe hadi 55.

Kwa vipande vya milimita 5 kwenye mashine yenye feni, tufaha huchukua kati ya saa 6 na 12, ndizi 8 hadi 12, embe 8 hadi 12, na nanasi hata 18. Nyanya za vipande 8 hadi 12, na zilizokatwa nusu huvuka hapo kwa mbali. Karoti na uyoga 6 hadi 10, vitunguu 4 hadi 8, spinachi 3 hadi 6. Mwishoni kasi hubadilika: maji ya juu yameondoka, hakuna tena cha kupoza kipande, na kinaweza kuungua haraka. Saa mbili za mwisho kagua mara kwa mara na uondoe vilivyo tayari.

Usiongeze vipande vibichi katikati ya safari. Mvuke wake utavilowesha vile vilivyokaribia. Wala usizime mashine usiku ili uendelee asubuhi, kwani chakula cha uvuguvugu chenye unyevu kilichoachwa saa nane ni karamu ya bakteria.

Kujaribu kwa vidole

Kipande cha moto hudanganya, kwa sababu joto hulainisha. Toa vichache kutoka sehemu mbalimbali za trei, hasa vile vinene, uviache vipoe kwa dakika kadhaa.

Chukua kipande cha embe. Kikunje katikati: kinapaswa kupindika bila kuvunjika, na pande mbili zikigusana zisigandane. Sasa kichane taratibu kwa vidole viwili na utazame pale kilipochanika, karibu na jicho, kwenye mwanga. Ukibana na vijitone vidogo vya maji vikatokea, hata kama ni vya kung'aa tu, kirudishe. Kikiwa tayari, mchaniko huonekana mkavu wenye nyuzi, rangi yake imekolea kuwa ya machungwa, na kidole hakibaki na utelezi. Jaribio hili linafaa kwa karibu kila tunda.

Mboga ni rahisi zaidi. Karoti, vitunguu na maharage viwe vigumu au vikatike, spinachi ivunjike mkononi, mbaazi ukiigonga kwa kijiko ipasuke. Nyanya ikiwa na ulaini wa ngozi ya kiatu bado ni nusu kavu. Ni tamu sana, wala sikukatazi, lakini mahali pake ni friji kwa siku chache au friza kwa miezi, si kabatini.

Majani ya viungo

Hapa mambo yanageuka. Kinachotafutwa kwenye jani la kiungo ni mafuta ya harufu, na mafuta hayo huruka kwa joto dogo. Jikoni ikinukia sana mashine inapofanya kazi, harufu ile inatoka kwenye chakula chako cha baadaye. Joto lisizidi nyuzi 35 hadi 45. Siku zenye hewa nzito ya unyevu unaweza kulazimika kufika 50, maana kuchelewa nako kunaleta weusi na ukungu.

Kwa majani ya bustanini, chuma asubuhi umande ukishakauka lakini jua halijawa kali, na kabla maua hayajafunguka, wakati ambapo jani lina mafuta mengi. Kama ni masafi, yakung'ute tu. Yakiwa na vumbi, yaoshe na uyatandaze kwenye taulo mpaka uso wake ukauke kabisa. Mafungu ya dukani karibu yote huja yamenyunyiziwa maji, kwa hiyo yafungue mara ufikapo nyumbani. Fungu lililobanwa kwa mpira huanza kuoza katikati huku nje likionekana zima. Ondoa yaliyonyauka, osha, kausha uso, kisha endelea.

Rozmari, thaimu na oregano yana maji machache na hukauka vizuri kwa kuning'inizwa. Funga vishada vidogo, mashina matano hadi kumi, kwa mpira badala ya uzi: mashina husinyaa yakikauka, na uzi hulegea kishada kikaanguka. Viweke ndani ya mfuko wa karatasi uliotobolewa matundu, vichwa vikitazama chini, mahali penye kivuli na hewa. Mfuko huzuia vumbi na hudaka majani yanayopukutika. Wiki moja hadi mbili hutosha penye hewa kavu. Penye unyevu, nenda kwenye mashine.

Mrehani na minti ni mengine. Majani yake ni laini na yana maji mengi, yakining'inizwa kwenye hewa nzito huwa meusi kabla hayajakauka. Yachambue kutoka kwenye shina, yatandaze safu moja kwenye trei, nyuzi 40, na uanze kukagua baada ya saa moja. Majani mengi humalizika kati ya saa moja na nne. Mashine zenye feni kali huyapeperusha, kwa hiyo weka wavu mwepesi juu yake. Jani liko tayari likivunjika kwa mlio ukiliminya, na kijishina chake kikikatika badala ya kupinda. Kijishina ndicho kinachodanganya watu: jani limekauka, shina bado lina maji, na chupa nzima inaota ukungu.

Giligilani sikushauri kuikausha. Hubaki rangi tu, harufu yote imekwenda. Ikatekate na uigandishe.

Maikrowevu inafaa kwa kiganja kimoja cha majani. Yaweke kati ya karatasi mbili za kufutia za jikoni, washa kwa sekunde 30, angalia, rudia, jumla isizidi dakika 2 au 3. Usiondoke, kwani majani makavu yanaweza kushika moto humo ndani.

Hifadhi majani yakiwa mazima na uyasage siku ya kutumia. Kijiko kimoja cha chai cha majani makavu hushika nafasi ya kimoja cha chakula cha mabichi.

Wiki ya kusubiri

Trei zikishatoka, acha matunda yapoe kabisa kwa saa moja hivi. Yakifungwa ya moto yatatoa jasho. Yasikae nje kutwa pia, maana huvuta unyevu wa hewa upesi. Yatie kwenye chupa za kioo hadi theluthi mbili, ufunge, na kila siku uitikise chupa kwa siku 7 hadi 10. Vipande vilivyobaki na maji kidogo huwagawia vile vilivyokauka zaidi, mpaka vyote vilingane. Ukiona ukungu wa mvuke au matone upande wa ndani wa kioo, rudisha vyote kwenye mashine, kausha tena, uanze upya kuhesabu. Ukiona ukungu unaoota, hata kwenye kipande kimoja, tupa chupa nzima.

Matunda yaliyokaushwa juani yana hatua nyingine kabla ya hiyo, kwa ajili ya mayai ya wadudu. Yafunge na uyaweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 48 au zaidi, au uyatandaze kwenye oveni ya nyuzi 71 kwa dakika 30.

Kuhifadhi

Adui wanne wa chupa yako ni joto, mwanga, hewa na unyevu, na joto ndilo linalosahaulika. Matunda makavu yanayodumu karibu mwaka mmoja kwenye nyuzi 16 hudumu karibu miezi sita kwenye nyuzi 27. Mboga hudumu takriban nusu ya hapo. Kabati lililo juu ya jiko ndilo mahali pabaya kuliko pote nyumbani. Pendelea chupa ndogo kadhaa kuliko moja kubwa, kwa sababu kila unapofungua unaingiza unyevu. Kwenye lebo andika tarehe, aina, na uzito wa awali ulioupima: "karoti, kilo 1 mbichi" itakusaidia siku ya kupika kuliko jina tupu.

Vipakiti vya kunyonya oksijeni vitumie kwa vile vilivyokauka hadi kukatika tu. Tunda laini lililonyimwa oksijeni likiwa na unyevu wa kutosha ni mazingira yanayopendwa na bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua. Kwa sababu hiyohiyo, ukitia nyanya kavu kwenye mafuta, weka friji na uzitumie ndani ya siku chache, wala usiongeze kitunguu saumu kibichi humo ukaacha mezani.

Kurudisha maji

Kikombe cha mboga kavu hutaka kikombe kimoja na nusu hadi viwili vya maji. Mizizi na mbegu hulowekwa saa moja hadi mbili. Zikihitaji zaidi, zimalizie kwenye friji. Majani kama spinachi hayahitaji kulowekwa, yatupe moja kwa moja kwenye supu. Chumvi na sukari zisubiri mpaka mboga ilainike, kwani zote huchelewesha maji kuingia. Maji ya kulowekea pikia, yana ladha na vitamini zilizoyeyuka.

Vilivyokauka hadi kukatika vinaweza pia kusagwa. Unga wa nyanya, kijiko kimoja au viwili, hukoleza mchuzi bila kuongeza maji. Unga wa vitunguu ulioutengeneza mwenyewe una nguvu, kwa hiyo anza na kidogo. Vipoze vipande kabisa kabla ya kusaga, usisubirie mpaka siku yenye mvua, na usage kiasi cha wiki chache tu. Unga huvuta unyevu upesi kuliko vipande na kugeuka bonge gumu chini ya chupa. Ukigeuka bonge lakini hauna ukungu wala harufu ngeni, utandaze kwenye karatasi ya kuokea, nyuzi 50 kwa nusu saa, usage tena na kuufunga ukishapoa.